Nani Kaitoa Dawa Hii, na Badala Yake Nini?

Kwenye dirisha la dawa la hospitali moja jijini Dar es Salaam, mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alipenyeza cheti chake chini ya kioo. Mfamasia, binti wa umri wa mjukuu wake, alimwamkia, akasoma cheti, akagonga kompyuta, akatikisa kichwa.

"Babu, hivi viwili nakupa. Hiki cha tatu bima hailipi tena. Itabidi ukanunue nje."

Mzee akatoa mfukoni karatasi tupu ya vidonge, ile ya rangi ya fedha iliyotobolewatobolewa, akailaza kwenye kaunta kama mtu anayetoa kielelezo mahakamani. "Hiki nakimeza mwaka wa sita huu. Kimetolewa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Kakitoa nani?"

Binti alitazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama mzee. "Sijui, babu. Mfumo ndio unakataa."

Mfumo haukatai kitu wenyewe. Wapo watu waliokaa mezani, wakapitia orodha, wakachora mstari. Huenda walikuwa na sababu nzuri kabisa: imepatikana dawa bora, au kidonge kile kimeonekana hakifanyi kazi iliyodhaniwa. Huenda pia hawakuwa na sababu yoyote zaidi ya mfuko kukauka. Mzee hawezi kujua ni lipi, na binti wa dirishani hawezi kumwambia, maana kwetu dawa huingia orodhani kwa mlango wa mbele, kwa semina na hotuba, na hutoka kwa mlango wa uani.

Kupitia upya dawa zinazolipiwa kwa fedha za umma ni kazi ya lazima, na nchi inayoikwepa huishia kununua vidonge visivyotibu. Lakini dawa ikitolewa, mgonjwa anastahili kuona fedha iliyokuwa ikiinunua imekwenda kufanya nini. Asipoona, hakuna kilichookolewa. Gharama imehama tu kutoka mfuko wa umma kwenda mfuko wa shati lake.

Bajeti iliyovaa koti jeupe

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, zikiwa takriban 200. Wazo lilikuwa rahisi na, kwa wakati ule, la kishujaa: nchi maskini haiwezi kununua kila kinachotengenezwa na viwanda, basi inunue kwanza dawa za magonjwa ya wengi, zenye usalama unaojulikana na bei inayobebeka. Orodha hiyo hupitiwa kila baada ya miaka miwili. Toleo la 2023 lilikuwa na dawa 502.

Tanzania ina ya kwake, Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, inayokwenda pamoja na mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya. Humo imeandikwa dawa ipi ipatikane zahanati, ipi kituo cha afya, ipi isubiri hospitali ya rufaa. Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, hununua na kusambaza. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotokana na sheria ya mwaka 1999, huamua nini kimo kwenye kitita cha mafao na kwa bei gani. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, husajili.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Dawa ikisajiliwa, maana yake ubora wake umekaguliwa, inatibu kinachotajwa, na madhara yake yanavumilika. Haina maana kwamba serikali iinunue. Kulipia ni swali jingine, na ni gumu zaidi, kwa sababu linauliza kitu cha kulinganisha: fedha hii hii ingenunua nini kingine? Shilingi inayokwenda kwenye kidonge ghali cha mgonjwa mmoja wa hospitali ya taifa ndiyo ile ile ambayo ingenunua sindano ya kumzuia mzazi asivuje damu katika zahanati ya wilayani Sikonge. Orodha ya dawa, kwa hiyo, ni bajeti iliyovaa koti jeupe. Kila jina lililomo limekalia nafasi ya jina jingine.

Ndiyo maana kupitia upya hakuepukiki. Vimelea hubadilika, bei hupanda na kushuka, utafiti mpya huumbua wa zamani. Swali ni namna dawa inavyotoka, na kwa hilo Afrika Mashariki tuna shule yetu wenyewe, ya gharama kubwa: malaria.

Klorokwini ilivyong'ang'ania

Aliyekuwa mtoto katika miaka ya themanini anaukumbuka uchungu ule. Kidonge kilisagwa kwenye kijiko, kikachanganywa na sukari ambayo haikusaidia kitu, pua ikabanwa. Usiku mwili mzima uliwasha, ngozi ikajikuna yenyewe, na asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Klorokwini ilikuwa ya bei ya karanga: dozi nzima ya mtu mzima iligharimu kama senti 10 za dola ya Marekani. Ilipatikana dukani karibu na sabuni na viberiti.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini uligunduliwa Afrika Mashariki. Uliendelea kutanda katika miaka ya themanini na tisini. Kule Senegal, Jean-François Trape na wenzake walichapisha mwaka 1998 matokeo ya kufuatilia vijiji kwa miaka mingi: mahali usugu ulipoingia, vifo vya watoto vitokanavyo na malaria viliongezeka mara mbili na zaidi. Malawi ilikuwa imekwisha kuiacha dawa hiyo tangu mwaka 1993, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Kenya ilibadilisha mwaka 1998. Tanzania Bara ilisubiri hadi Agosti 2001, tafiti za ndani zilipokuwa zimeonyesha kwamba katika maeneo mengi zaidi ya nusu ya wagonjwa waliomeza klorokwini hawakupona.

Zaidi ya miaka 20, basi, ilipita kati ya dalili za kwanza na uamuzi. Kwa nini? Kwanza, dawa ilishusha homa hata pale iliposhindwa kuua vimelea vyote, kwa hiyo mzazi aliona mtoto amepata nafuu, na mtoto akarudi wiki ya pili amepauka. Pili, mbadala ulikuwa ghali. Tatu, hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuitoa. Dawa mpya ina kampuni inayoisemea, ina wasambazaji, ina kalenda za ukutani. Dawa iliyochoka haina wa kuitangazia kifo.

Hatua ya 2001 ilikuwa daraja tu. SP (sulfadoksini na pirimethamini), dawa iliyoshika nafasi ya klorokwini na ambayo mtaani iliitwa kwa jina la Fansidar hata kama ilitoka kiwanda kingine, ilijulikana tangu mwanzo kwamba haitadumu. Jibu la kweli lilikuwa dawa zenye artemisinini, na hapo ndipo hesabu ilipouma. Mwaka 2001 bei ambayo kampuni ya Novartis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kwa dozi ya mtu mzima ya mojawapo ya dawa hizo ilikuwa dola 2.40, karibu mara 24 ya klorokwini. Januari 2004 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makala kali ya Amir Attaran na wenzake iliyowashutumu Shirika la Afya Duniani na Mfuko wa Dunia (wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria) kwa kuendelea kugharimia klorokwini na SP mahali ambapo tayari zilikuwa zimeshindwa. Tuhuma ilikuwa nzito: kununua dawa isiyotibu kwa sababu ni rahisi si kubana matumizi, ni kukosea tiba. Mwaka huo huo Mfuko wa Dunia ulianza kuzihimiza nchi zielekeze fedha zao kwenye dawa mpya.

Zanzibar ilikuwa imetangulia, ikaanza kutumia mchanganyiko wenye artesuneti mwaka 2003. Bara, ALu, mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, ilifika kwenye vituo vya serikali mwishoni mwa mwaka 2006 na kuendelea 2007. Watu wakaipa jina ambalo hakuna kampuni ingeweza kulibuni: dawa mseto, kama shamba la mahindi na maharage. Jina lenyewe lilibeba maelezo. Kwa nini klorokwini imetoka? Kwa sababu sasa ni mseto. Mama aliyeambiwa kwamba dawa ya zamani imeachwa alikuwa na kitu kingine mkononi alipoondoka dirishani.

Kuna somo jingine ambalo halisimuliwi vya kutosha. SP haikufukuzwa nyumbani, ilihamishwa chumba: ilibaki kwa wajawazito wanaopewa kliniki ili kuwakinga wao na watoto walio tumboni. Na klorokwini, baada ya kuachwa Malawi kwa zaidi ya muongo mmoja, ilipojaribiwa tena kwa watoto iliwaponya karibu wote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Vimelea sugu vilikuwa vimepungua vilipokosa dawa ya kupambana nayo. Hukumu juu ya dawa, kumbe, ina tarehe. Ya leo si lazima iwe ya kesho.

Dripu na kioo cha kujitazamia

Klorokwini ilitoka kwa kuwa iliacha kufanya kazi. Kwinini ya sindano ilitoka ikiwa bado inafanya kazi, na hilo ni gumu zaidi kulieleza.

Kwa vizazi kadhaa, malaria kali ilimaanisha dripu ya kwinini: mtoto amelala, masikio yanavuma, mama anahesabu matone. Kisha ukaja utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, wakiwamo wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Nusu walipewa kwinini, nusu artesuneti. Kati ya waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na kati ya waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Ukipiga hesabu, kila watoto 41 waliobadilishiwa dawa, mmoja zaidi alirudi nyumbani mzima. Kichupa cha artesuneti kilikuwa ghali kuliko cha kwinini. Lakini swali halikuwa bei ya kichupa. Lilikuwa bei ya kumwokoa yule mtoto wa 41, na kwa kipimo hicho ilikuwa miongoni mwa fedha zilizotumika vizuri kuliko zote katika hospitali zetu.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilifundisha kwa njia nyingine. Stavudini ilikuwa sehemu ya vidonge vya kwanza vilivyowafikia watu wengi Afrika, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Iliokoa maisha, na ikaacha alama: mashavu yaliyobonyea, miguu iliyokonda, nyayo zinazowaka moto usiku. Mtu aliyeficha hali yake kwa miaka alijikuta anatangazwa na sura yake. Kioo cha kujitazamia kilisema kabla daktari hajasema. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe, na nchi zikaiacha polepole, kadiri fedha za mbadala zilivyopatikana.

Kisha ikaja dolutegraviri. Septemba 2017 yalitangazwa makubaliano ya kuuza kidonge kimoja cha siku chenye dawa hiyo kwa takriban dola 75 kwa mgonjwa kwa mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Bora zaidi, na bila kupandisha gharama. Mei 2018, hata hivyo, takwimu kutoka Botswana zilionyesha dalili kwamba huenda inadhuru mfumo wa neva wa mimba changa, na baadhi ya nchi zikawazuia wanawake walio katika umri wa kuzaa. Julai mwaka huo wanawake wa Afrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali wakasema jambo moja: tupeni taarifa, mtuachie uamuzi. Takwimu zilipoongezeka, hatari ilionekana ndogo sana kuliko ilivyohofiwa, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Katika hadithi nzima ya kupitia dawa upya, sijui mfano bora kuliko huu wa wagonjwa kuingia chumbani kunakochorwa mstari.

Kidonge kile kile, hukumu mbili

Ukidhani kwamba sayansi ikisema kila mtu atakubali, vuka bahari. Tarehe 1 Agosti 2018 Ufaransa iliacha kabisa kulipia dawa nne za ugonjwa wa Alzheimer: donepezili, galantamini, rivastigmini na memantini. Haikuwa ghafla. Ufaransa huipa kila dawa daraja la manufaa, na daraja huamua bima ya taifa irudishe asilimia ngapi ya bei: 65, 30, 15 au sifuri. Dawa hizo zilianza juu, mwaka 2011 zikashushwa hadi daraja la chini, mwaka 2016 zikaonekana hazitoshi. Hoja ya waliozitoa ilikuwa kwamba nafuu ni ndogo mno, madhara ya moyo na tumbo yapo, na fedha ingefaa zaidi kwenye uuguzi. Familia na madaktari wa wazee walijibu kwamba kidonge kilikuwa pia kamba inayomfunga mgonjwa na kliniki. Ukiikata, mzee anabaki nyumbani bila wa kumtazama.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Uingereza inaendelea kulipia dawa zile zile. Chombo chake cha tathmini, NICE, kilichoanzishwa mwaka 1999, kilipanua matumizi yake mwaka 2011, na muda mfupi baadaye donepezili ikaanza kutengenezwa na viwanda vingi, bei ikaporomoka. Tafiti ni zile zile, wagonjwa wanafanana. Kilichotofautiana ni swali. Ufaransa iliuliza: manufaa haya yana uzito gani? Uingereza huuliza: manufaa haya, hata kama ni madogo, yanagharimu kiasi gani kwa kila mwaka wa uhai wenye afya? Kwa miaka mingi kipimo chake kilikuwa kati ya paundi 20,000 na 30,000 kwa mwaka kama huo. Kidonge cha nafuu ndogo kikiwa cha senti kinapita. Kikiwa cha maelfu kinakwama.

Uingereza yenyewe iliwahi kukisahau kipimo hicho. Mwaka 2010 ilianzisha mfuko maalumu wa dawa za saratani, kulipia zile ambazo NICE ilikuwa imezikataa au haijazipima. Wanasiasa walipigiwa makofi. Hadi mfuko ulipofumuliwa na kuundwa upya mwaka 2016, ulikuwa umemeza paundi bilioni 1.27. Uchambuzi uliochapishwa mwaka uliofuata ulikuta kwamba kati ya matumizi 47 yaliyolipiwa, 18 tu yalikuwa na ushahidi wa kurefusha maisha, na kwa hayo muda wa kati ulioongezeka ni miezi 3.1. Huruma iliyokosa hesabu iliwanyima wagonjwa wengine ambao hakuna kamera iliyowapiga picha.

Hesabu nayo ina mtego wake. Waingereza hao hao, walipotoa mwaka 2017 mwongozo wa dawa na tiba nyingine 18 zisizofaa kuandikwa kila siku, waliorodhesha vitu visivyo na ushahidi, kama homiopathi, pembeni ya vitu vyenye kosa la bei tu. Liothironini, homoni ya tezi ambayo wagonjwa wachache hawawezi kuishi vizuri bila hiyo, iliuzwa paundi 4.46 kwa pakiti mwaka 2007. Kufikia Julai 2017 ilikuwa paundi 258.19. Kidonge hakikubadilika. Waliobadilika ni waliokiuza, na mwaka 2021 mamlaka ya ushindani iliwatoza faini ya zaidi ya paundi milioni 100. Mwongozo uliacha mlango mmoja wazi: daktari bingwa wa homoni akiona mgonjwa anaihitaji, aendelee kuipata. Bila mlango huo, mgonjwa angeadhibiwa kwa uroho wa muuzaji.

Na ushahidi wenyewe huweza kufichwa. Uingereza ilinunua Tamiflu ya kuhifadhi ghalani kwa paundi milioni 424 ikijiandaa kwa janga la mafua. Watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua ushahidi wa tiba, walihangaika miaka kadhaa kupata ripoti kamili za majaribio. Walipozipata na kuzichambua, mwaka 2014, waliona kwamba kwa mtu mzima dawa hupunguza dalili kwa chini ya siku moja. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaishusha daraja katika orodha yake. Anayepitia dawa upya bila kuona karatasi zote ni hakimu aliyesikiliza upande mmoja.

Kanunue nje

Nirudi nyumbani. Tarehe 1 Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama zikidai bei zilizopangwa hazilipi. Mfuko ulisema unalinda uhai wake. Hospitali zilisema zinalinda uhai wao. Pande zote mbili zilizungumza kwa tarakimu, na mwenye kadi alisimama getini akiwa na cheti. Kenya nayo ilipohama kutoka bima ya zamani kwenda Mamlaka ya Afya ya Jamii, Oktoba 2024, wagonjwa wengi walilijua jambo hilo wakiwa kwenye kaunta.

Sisemi kwamba vitita havipaswi kupunguzwa. Mfuko unaolipa kila kitu utakufa, na ukifa utakufa na dawa ya presha na ya kisukari pamoja. Ninasema kwamba "kanunue nje" ni sera nzima iliyofichwa ndani ya maneno mawili. Fuatilia kinachotokea baada yake. Mzee anakwenda duka la dawa, anauliza bei, anasema nipe za siku tano. Wiki inayofuata anaruka siku. Presha haina kelele. Itakapopiga kelele, atarudi hospitali amepooza upande mmoja, na kulazwa kwake kutakula fedha ambayo ingenunua kidonge kile kwa miaka. Au daktari, akiona dawa ya bei ya kati imetoka, anaandika ya bei ya juu iliyobaki kwenye kitita, kwa kuwa hiyo inalipiwa. Dawa imetoka, gharama imepanda.

Kuna namna nyingine ya kutoka ambayo haistahili hata kuitwa tathmini. Sehemu kubwa ya dawa zetu za virusi vya UKIMWI, malaria na kifua kikuu hununuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia na serikali ya Marekani. Januari 2025, Washington iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, hapakuwa na kamati iliyopima ushahidi wala mgonjwa aliyeulizwa. Orodha yetu ilitikiswa kwa sahihi moja. Mwenye kulipa ndiye mwenye orodha, na kama hatuanzi kulipia wenyewe zile za lazima kabisa, kujadili taratibu za kuzitoa ni kupanga samani katika nyumba ya kupanga.

Namna ya kuaga dawa

Utaratibu ninaoutetea si wa kigeni. Umetawanyika katika mifano hii, hapa kipande na pale kipande.

Kwanza, kila dawa iingie orodhani ikiwa na tarehe ya kuangaliwa tena, kama leseni ya gari. Hapo kuitoa hakutakuwa fedheha ya mtu wala kisasi cha mfuko, na dawa iliyochoka haitahitaji shujaa wa kuisema. Pili, bei ijadiliwe kabla ya dawa kuhukumiwa. Bohari ya Dawa inaponunulia nchi nzima ina sauti ambayo hospitali moja haina, na dola 75 za dolutegraviri zilitokana na kujumlisha sauti kama hizo. Tatu, mbadala uwe rafuni, na rafu iwe ya zahanati, si ya makao makuu. Dawa iliyomo kwenye mwongozo lakini haimo kwenye kabati la Sikonge bado haijaingia popote.

Nne, aliye katikati ya safari asishushwe njiani. Mgonjwa aliyetulia kwa miaka sita anahitaji muda, anahitaji daktari amwone na kupima kama mbadala unamfaa, na pale usipomfaa, uwepo mlango mmoja wazi kama ule wa liothironini. Hilo lina gharama, na gharama hiyo iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Tano, sababu ichapishwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, ubandikwe pale dirishani: dawa hii imetoka kwa sababu hii, badala yake ni hii, fedha iliyobaki inanunua hiki. Thailand, nchi iliyoanza bima ya afya kwa wote mwaka 2002 ikiwa mbali na utajiri wa Ulaya, iliunda taasisi yake ya tathmini ya teknolojia za afya mwaka 2007, na mapendekezo yake huwekwa hadharani. Kazi ya namna hii inataka wahesabu wachache wazuri na ukweli mwingi. Haisubiri nchi itajirike.

Atakayepinga atasema kwamba kubandika sababu ni kukaribisha ugomvi: kampuni zitashtaki, madaktari watalalamika, wagonjwa wataandamana. Huenda. Ufaransa ililalamikiwa sana. Lakini aliyepinga alijua anapinga nini, na daftari la hoja liko wazi kwa atakayekuja kuamua tofauti kesho. Ukimya nao haujazuia ugomvi. Umeuhamishia dirishani, kwa binti ambaye hakuamua kitu.

Mtihani ujao hauko mbali. Dalili za usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, mhimili wa dawa mseto, zimethibitishwa Rwanda na Uganda, na tafiti zilizochapishwa mwaka 2024 zimezionyesha mkoani Kagera. Mseto bado unatibu. Mwenzake artemisinini, lumefantrini, bado anabeba mzigo. Hata hivyo vimelea vinachelewa kuondoka damuni, na anayekumbuka miaka ya themanini anajua kuchelewa huko kulivyoanza safari iliyopita. Siku itafika ambapo mseto wenyewe utabidi upewe mwenzi mwingine au uachwe, na dawa itakayofuata, yoyote itakayokuwa, haitakuwa ya bei ya karanga.

Klorokwini ilituchukua zaidi ya miaka 20. Kadi ya foleni ya Kagera imeshatolewa, ina namba, na safari hii hatuwezi kumwambia mama aliye dirishani kwamba mfumo ndio uliochelewa.